Gari ya Mzee Si Risiti za Mzee: Projekti Inauzwa Ngapi?

Leo sina story ya simu wala ya viatu. Leo ni gari, tena gari isiyotembea.

Kama umekulia mtaa wowote hapa Kenya, hii picha unaijua. Nyuma ya nyumba kuna gari ya zamani juu ya mawe, imefunikwa turubai, kuku wanataga ndani. Ukiuliza kama inauzwa, mwenyewe anakutajia bei ya ploti Juja. Ukirudi baada ya miaka kumi iko pale pale, ila sasa kuna mti umemea mahali injini ilikuwa.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watu nitawaudhi: nyingi kati ya hizo gari ziliuawa na bei. Kutu ilikuja baadaye kumalizia kazi.

Najua kwa sababu moja ilikuwa kwetu, Nakuru.

Mzee wetu alifariki mwaka juzi. Alituachia nyumba, madeni kidogo, na Datsun 240Z ya mwaka wa 1972 ambayo alikuwa akiitengeneza tangu nikiwa nursery. Kama hujui 240Z, ngoja nikupe kwa ufupi. Ni ile Datsun ya milango miwili yenye pua ndefu, injini ya lita 2.4, silinda sita kwa mstari, kabureta mbili. Hii gari ilishinda Safari Rally mara mbili: 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, halafu 1973 na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Wazee waliokuwa watoto wakati huo, wakisimama kando ya barabara na vumbi mdomoni, hawajawahi kusahau. Mzee wangu alikuwa mmoja wao. Alipopata ya kununua kutoka kwa mzee mmoja wa shamba huko Molo, ikiwa haina injini ya kuwaka wala sakafu ya kukanyaga, alileta nyumbani kwa lori akifurahi kama amepata mtoto wa pili.

Hakuimaliza.

Sasa dada yangu amepata nafasi ya campus, fees iko kwa meza, na Mama akasema kwa upole wake: "Hii gari ya baba yenu, tuone kama inaweza kumsomesha huyu mtoto."

Hapo ndipo vita vilianza.

Bei tatu, gari moja

Baba mdogo alisema milioni tatu, na hapungui hata shilingi. Alikuwa ameona kwa simu kwamba 240Z ya 1971 iliuzwa Marekani kwa mnada Januari 2020 kwa dola 310,000. Akazidisha na bei ya dola, akakaa kimya, akaniangalia. "Kijana, mimi nimesema milioni tatu tu. Hiyo ni huruma."

Broker mmoja alikuja Jumamosi, akaizunguka mara moja, akapiga teke jiwe lililoshika ekseli, akasema: "Hii ni chuma, mama. Laki moja unusu, naleta lori leo." Kabla hatujajibu alikuwa ameshatoa simu aanze kutuma M-Pesa.

Halafu kulikuwa na bei ya mkebe. Mzee alikuwa na mkebe wa Kimbo aliokuwa anaweka risiti zote za gari: pistoni, beringi, mabati, nauli ya kwenda Kirinyaga Road kutafuta spea. Mimi na dada tulikaa usiku mmoja tukajumlisha zote. Sh1,400,000 na kitu, kwa miaka karibu 20. Mama akasema basi si tuuze hiyo milioni moja na laki nne, angalau tupate kile baba aliweka.

Bei tatu. Laki moja unusu, milioni moja na laki nne, milioni tatu. Na kila mtu alikuwa na uhakika.

Nilikaa chini kufanya hesabu. Nikagundua wote watatu walikuwa wanahesabu kitu kingine, si ile gari. Baba mdogo alikuwa anahesabu gari ya mtu mwingine. Mama alikuwa anahesabu miaka ya mumewe. Broker alikuwa anahesabu shida yetu.

Ile ya dola 310,000 si ndugu yetu

Tuanze na Baba mdogo, kwa sababu kosa lake ndilo la watu wengi.

Ile 240Z iliyouzwa Marekani ilikuwa imetembea maili kama 21,000 tu maisha yake yote. Haikuwa imefunguliwa ikatawanywa kwa mikebe. Mnunuzi alilipia kitu ambacho huwezi kutengeneza tena hata ukiwa na pesa, yaani gari ambayo haijaguswa. Yetu imeguswa na kila fundi kutoka Molo mpaka Nakuru.

Vilevile usije ukaniambia "lakini hii ilishinda Safari." Gari aliyoendesha Herrmann ndiyo ilishinda Safari. Yetu ni aina moja na hiyo, kama vile mimi na Kipchoge sote tuna miguu miwili.

Jambo lingine: bei mtu anaitisha si bei. Mtu anaweza kuweka tangazo la milioni kumi, na likakaa miaka mitatu. Hiyo inakuonyesha tu kwamba kwa milioni kumi hakuna mtu ananunua. Tafuta zile zimeuzwa kweli, zenye hali kama ya kwako. Huku kwetu zinazouzwa ni chache, kwa hivyo lazima uongee na mafundi na wale wazee wa magari ya zamani, wanaokutana kwa maonyesho ya Concours pale Ngong Racecourse. Hao wanajua nani aliuza nini, na alilia au alicheka.

Risiti hazipandishi bei

Sasa Mama. Hii ilikuwa ngumu kumwambia, na nilimwambia tukichambua mboga ndiyo nisimwangalie machoni.

Mnunuzi hanunui kile uliweka. Ananunua kile amebakisha kuweka.

Fikiria umenunua unga wa chapati, mafuta, ukakanda, ukachoka katikati ukaacha. Ukiniuzia ule unga, sitakulipa jasho lako la kukanda. Nitaangalia kama umeanza kuchacha. Hata kwa gari ni hivyo. Mzee alilipa fundi wa bodi mwaka wa 2009 aweke sakafu mpya. Leo ile sakafu ina mashimo tena, kwa sababu tray ya betri ilikuwa inavuja asidi na maji ya mvua yalikuwa yanaingia kupitia raba za kioo. Risiti iko, sakafu haiko. Nani atalipia sakafu iliyooza?

Kwa upande mwingine, crank alisafishiwa, beringi mpya, pistoni mpya, injini imefungwa vizuri kwa plastiki. Hiyo kazi bado inaonekana na inapimika. Hiyo inalipwa, ingawa si yote. Mnunuzi atauliza: nani alifunga? Nitaamini vipi? Lazima atatoa kitu kwa sababu ya hofu.

Hesabu yenyewe

Hii ndiyo sehemu nataka u-screenshot. Kupima bei ya projekti ni hesabu ya darasa la sita:

Bei ya gari ikikamilika, toa gharama ya kuikamilisha, toa pesa ya mambo usiyoyaona, toa malipo ya uchungu wa mnunuzi. Inayobaki ndiyo bei.

Twende na namba zetu. Hizi ni za gari yetu, tulizipata kwa kuuliza mafundi na wauzaji spea, usizibebe ukaenda nazo kwa gari yako.

Tulikubaliana kwamba ikikamilika vizuri, ikiwa safi bila kuwa ya kushinda maonyesho, tungepata Sh3,000,000. Ndiyo, ile ile namba ya Baba mdogo. Alikuwa sawa kuhusu gari iliyokamilika. Shida ni kwamba hatuna gari iliyokamilika.

Kazi iliyobaki: bodi na sakafu 450,000. Rangi 300,000. Kumalizia injini, head na kabureta 180,000. Viti, dari na dashibodi 200,000. Vioo, raba na vile vipambo vya kung'aa 220,000. Breki na saspensheni 150,000. Rimu na tairi 80,000. Waya na taa 70,000. Jumla: Sh1,650,000.

Sasa mambo usiyoyaona. Gari ya miaka 50 iliyofunguliwa huwa haikosi siri. Tuliweka asilimia 30, yaani 495,000. Tumefika 2,145,000.

Toa hiyo kwa milioni tatu: inabaki 855,000.

Halafu uchungu. Mnunuzi atakaa na hii gari miaka miwili, atagombana na bibi yake, atakimbizana na fundi anayesema "kesho" kila siku. Hafanyi hiyo kazi bure. Tukampa laki tatu. Inabaki 555,000.

Hiyo ndiyo bei. Laki tano na nusu. Kwa gari ambayo ikikamilika ni milioni tatu, na ambayo Mzee alitumia milioni moja na laki nne.

Baba mdogo alisoma ile karatasi, akaitupa kwa kiti, akaenda nyumbani bila kunywa chai. Kwetu mtu kutoka bila chai ni jambo kubwa.

Lakini ngoja, kuna kitu kinatisha zaidi. Badilisha namba moja tu. Tuseme tulikosea, na gari ikikamilika inauzwa milioni mbili na laki nne badala ya tatu. Rudia hesabu: 2,400,000 toa 2,145,000 toa 300,000. Umepata chini ya sifuri. Tumepunguza bei ya mwisho kwa asilimia 20 pekee, na projekti imepoteza bei yake yote. Ndiyo maana watu wawili waaminifu wanaweza kuangalia gari moja, mmoja aseme laki nane, mwingine aseme nichukulie bure. Bei ya projekti imekaa kwa makali ya kisu.

Sakafu ya bei

Hapo ndipo unahitaji hesabu ya pili, na hii ndiyo iliyomnyamazisha yule broker.

Uliza: nikiikatakata nikauza vipande, napata ngapi? Injini, giaboksi, difu, milango, boneti, kioo cha nyuma, taa, kabureta. Tulihesabu tukapata kama 350,000, tena tukiuza polepole. Hiyo ni sakafu. Mtu akikupa chini ya hapo, anakuibia huku anakuita mama.

Hapa ujue siri moja: kwa gari kama hii injini si kitu cha kuogopa sana. Ile familia ya injini Datsun walitengeneza nyingi. Ndugu yake mkubwa, L28, aliingia hadi kwa Nissan Patrol za zamani. Unachoogopa ni vitu vidogo. Taa ya nyuma iliyovunjika. Kipambo cha kioo. Mshikio wa mlango. Vitu hivyo hupati Kirinyaga Road, unaagiza nje, halafu ulipe usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Kwa hivyo projekti yenye vipande vyote, hata kama imechakaa, inashinda projekti inayong'aa lakini imekosa mikebe miwili ya skrubu.

Na gari nzima ya kubadilisha huwezi kuleta hivi hivi. Sheria yetu ya magari yaliyotumika inasema isizidi miaka minane. Zile 240Z ziko hapa ni zile ziliingia zamani. Hiyo inasaidia bei, lakini pia inafanya spea za ndani kuwa adimu. Inakata pande zote mbili.

"Si mmalizie wenyewe?"

Kila mtu alituuliza hii. Mnamalizia, mnauza milioni tatu, fees ya miaka minne imepatikana.

Sawa. Na ile milioni mbili ya kumalizia inatoka wapi? Mkopo? Kwa riba ya hapa Kenya, kwa miaka miwili, kwa kazi ambayo haina uhakika?

Nissan wenyewe walijaribu. Miaka ya mwisho ya 1990, huko Marekani, walinunua 240Z za zamani, wakazitengeneza upya na kuziuza kwa kama dola 25,000 kila moja. Kampuni iliyoziunda, yenye michoro, jina na pesa. Gharama ya kuzitengeneza iliwashinda, programu ikafungwa kabla hazijafika hata gari 50. Kama mwenye kiwanda alishindwa kupata faida, sisi wa Nakuru na spana za kuazima tutaiweza vipi?

Kuna wengine wanasema kaa nayo, classic zinapanda bei kila mwaka. Zinazopanda ni zile zilizokamilika na zimelala ndani. Yako iko nje, inanyeshewa. Bei ya rangi, ya mabati na ya fundi pia inapanda. Wewe umekaa na gharama inayokua na chuma inayopungua, halafu unaita hiyo uwekezaji.

Kitu kiliongeza bei bila kumwaga pesa

Hatukupaka rangi. Rangi mpya kwa projekti ni kama perfume kwa mtu hajaoga, mnunuzi mjanja anajiuliza chini kuna nini. Anakuja na sumaku, anaipitisha kwa bodi, ikikataa kushika anajua pale ni fila tupu.

Tulifanya haya. Tulihesabu kila kipande, tukaweka kwa mifuko na kuandika majina. Tulipiga picha za kutu yote, hata ile mbaya kabisa. Tulimwita fundi azungushe injini kwa mkono mnunuzi aone haijakwama. Tulilinganisha namba ya chesisi iliyopigwa kwa ukuta wa injini, ile inayoanza na HS30, na ile iko kwa logbook.

Na karatasi. Wasee, karatasi! Kama mwenye gari amefariki, huwezi tu kuandika kwa daftari "nimeuza" na kupeana funguo. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Mama alikuwa ameshapitia kwa chifu na mahakamani, akapata hati ya kusimamia mali, ikathibitishwa. Broker alipouliza "logbook si ni ya marehemu?" akitabasamu, Mama alitoa ile hati kwa kibeti. Tabasamu ikaisha. Nina uhakika ile karatasi ilitulipa kuliko pistoni zote za Mzee.

Ilivyoisha

Tuliweka 650,000 tukijua tutashuka. Watu wengi walipiga simu, wengi wakiuliza kama inawaka. Mwishowe alikuja msee mmoja kutoka Thika na binti yake wa kama miaka kumi na tano. Alikuja na tochi, sumaku na godoro dogo la kulalia chini ya gari. Huyo nikajua ni wa kweli. Alikaa chini ya gari saa nzima. Binti ndiye alikuwa anaandika.

Akasema 480,000. Akatuonyesha karatasi yake. Ilifanana na yetu, ila yeye alikuwa amepata kutu mahali sisi hatukuona, mbele ya gurudumu la nyuma. Tukabishana, tukanywa chai, tukafika 540,000.

Hapo ndipo Baba mdogo alitokea, baada ya wiki tatu za kutuchunia. Alikuwa amebeba gunia. Ndani kulikuwa na usukani wa mbao wa ile gari. Kumbe siku ya mazishi aliutoa kwa mikebe ya Mzee akauficha chini ya kitanda chake.

Aliuweka mezani, akasema, "Ni wa hii gari. Chukueni."

Hakuna mtu aliongea. Mama alimwangalia, akamgeukia yule mnunuzi, akamuuliza: tukibaki na huu usukani, utapunguza ngapi? Msee akafikiria. Elfu kumi na tano.

"Toa," Mama akasema.

Kwa hivyo tuliuza 525,000, na usukani uko kwa ukuta wa Baba mdogo. Fees ya kwanza imelipwa.

Hicho ndicho nataka ubaki nacho. Mapenzi yako kwa gari ni ya kweli, na yana bei. Sisi yetu ilikuwa elfu kumi na tano, na tuliilipa wenyewe. Kosa ni kumtaka mgeni aje alipie mapenzi yako kwa miaka yako, kwa risiti zako, kwa kumbukumbu zako za vumbi la Safari. Hatalipa. Ataenda, na gari itabaki na kuku.

Kama huwezi kuachana nayo, kaa nayo kwa amani, uifunike vizuri, usimsumbue mtu na tangazo. Kama unauza, fanya hesabu, shuka kwa hiyo bei, na uiache iende kwa mtu aliye na nguvu ya kuimaliza.

Yule binti wa Thika alinitumia picha wiki jana. Sakafu ya zamani imekatwa yote, unaona ardhi moja kwa moja. Imekaa vibaya kuliko ilivyokuwa kwetu. Lakini kuna mtu anaifanyia kazi.

Sasa niambie: nyuma ya kwenu kuna gani, na mwenyewe anaitisha ngapi?